Tangi la Samaki na Chujio Lake

Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Maana ya methali hiyo ni kwamba kitu kilicho kidogo machoni petu chaweza kuwa ulimwengu mzima kwa kiumbe kingine. Tazama, msomaji, tangi la kioo lililowekwa sebuleni, lenye samaki sita au saba wa maji baridi. Kwako wewe tangi hilo ni pambo. Kwa samaki ndiyo dunia yao yote: humo hula, humo hupumua, na humo humo hutoa uchafu wao. Samaki wa mtoni akichafua maji, mto huyachukua na kumletea mengine. Samaki wa tangini hana pa kukimbilia.

Sasa fikiri juu ya jambo moja litokealo mara nyingi katika nyumba za wafugaji wa samaki. Mwenye tangi hununua chujio, akalifunga, na maji yake yakang'aa. Baada ya miezi michache alifungua chujio hilo, aona tope la rangi ya kahawa limeganda ndani, naye achukizwa. Aliosha kwa maji ya bomba mpaka lote limetakata, kisha alirudisha mahali pake akiwa ameridhika na kazi yake. Siku mbili tatu baadaye samaki waja juu wakihema, na baadhi yao wafa. Maji ni meupe kama kioo chenyewe. Basi wamekufa kwa nini? Iliwachukua wanadamu miaka mingi kulijibu swali hili, na safari yao ndiyo historia ninayotaka kukusimulia.

Ufugaji wa samaki kwa ajili ya uzuri wao ni kazi ya kale. Katika enzi ya nasaba ya Song, kati ya mwaka 960 na 1279, Wachina walifuga samaki wa dhahabu katika mabwawa. Na katika enzi ya nasaba ya Ming iliyofuata baadaye, waliwaingiza nyumbani katika vyombo vya kauri. Katika karne ya 17 samaki hao walifika Ulaya. Lakini popote walipofugwa dawa ya maji machafu ilikuwa moja tu, nayo ni kuyamwaga na kutia mengine. Aliyechelewa kufanya hivyo alikuta samaki wake wanaelea.

Mwanga wa kwanza ulitoka kwa wataalamu waliokuwa wakichunguza hewa. Mwaka 1771 Joseph Priestley, Mwingereza, aliona kwamba tawi la mnanaa laweza kuitengeneza tena hewa iliyoharibiwa na mshumaa uliowaka mpaka kuzimika. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, tabibu Mholanzi, alionyesha kwamba mimea hufanya kazi hiyo inapopata nuru ya jua. Ikawa wazi kwamba kiumbe na mmea hutegemeana. Ilibaki mtu wa kuwaweka pamoja ndani ya maji.

Wanawake wawili walikuwa miongoni mwa waliotangulia. Mwaka 1832, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, Jeanne Villepreux-Power alitengeneza matangi ya kioo ili amchunguze pweza mdogo akaaye ndani ya gamba jembamba. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi, alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Uingereza akayapeleka London, mbali na bahari. Ili yasife, mtumishi wake wa nyumbani alikuwa akiyamimina maji kutoka chombo hiki hadi kile mbele ya dirisha lililo wazi, ili yachanganyike na hewa. Hebu fikiri juu ya mikono ya mtumishi huyo. Kazi aliyoifanya ndiyo ifanywayo na pampu ya umeme katika matangi ya siku zetu.

Kisha akaja Robert Warington, mkemia wa London. Alitia samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha kioo pamoja na mmea wa majini. Mambo yalikwenda vema kwa muda. Halafu majani ya zamani yakaoza, maji yakavurugika, na samaki wakawa hatarini. Warington hakuyamwaga maji. Alikwenda kuchunguza jinsi bwawa la kawaida lijisafishavyo, akatia konokono. Konokono wakala vilivyooza, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwaka 1850 alitoa habari za jaribio lake, na neno lililokaa katika vichwa vya watu likawa mizani: samaki, mmea na konokono, kila mmoja akimlipa mwenziwe deni lake.

Habari hizo zilienea upesi. Kodi ya kioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845, na kioo kikawa rahisi kununuliwa. Mwaka 1853 nyumba ya kwanza ya kuonyeshea samaki watu wote ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse aliandika kitabu juu ya ufugaji huo. Familia nyingi zikataka tangi sebuleni. Lakini wengi walijaza samaki kuliko mizani ilivyoweza kuchukua. Maji yalinuka, samaki walikufa, na kabla ya miaka ya 1860 kwisha shauku hiyo ilikuwa imepoa.

Wachache hawakukata tamaa. Mmoja wao alikuwa William Alford Lloyd. Katika jumba la samaki lililofunguliwa mwaka 1871 huko Crystal Palace, London, aliweka hazina kubwa ya maji chini, mahali penye giza, na mashine ikayazungusha maji yale yale kutoka hazina hadi matangini na kurudi. Shika jambo hili, msomaji, kwa maana tutalikuta tena: maji hutoka katika tangi, huenda mahali pa siri, nayo hurudi yakiwa mazima.

Wakati huo watu wa miji walikuwa na shida kubwa kuliko ya samaki, nayo ilikuwa maji yao wenyewe ya kunywa. Mwaka 1829 mhandisi James Simpson alijenga huko Chelsea, London, chujio kubwa la mchanga kwa ajili ya maji ya mto Thames. Watu walidhani kwamba mchanga hufanya kazi kama kifumbu kichujacho tui: machicha hubaki, tui hupita. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli nusu tu.

Nusu ya pili ilianza kufunuliwa Ufaransa mwaka 1877. Théophile Schloesing na Achille Müntz walipitisha maji taka polepole katika mwanzi wa kioo uliojaa mchanga na chokaa. Kwa siku ishirini hivi hakuna lililobadilika. Kisha amonia, ambayo ni sumu ya uchafu, ikaanza kugeuka kuwa nitrati. Walipoingiza mvuke wa klorofomu, uuao viumbe hai, mageuzi yakakoma. Walipotia maji yaliyosukwa na udongo wa shamba, yakaanza tena. Kwa hiyo haukuwa mchanga uliofanya kazi, bali viumbe waliokaa juu ya punje zake. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Uswisi, alifaulu kuwatenga bakteria hao na kuwaonyesha.

Miaka miwili baadaye ulimwengu ulipata fundisho la kuogofya. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, mji uliokuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Zaidi ya watu 8,000 walikufa. Mji jirani wa Altona ulichota maji katika mto huo huo, tena upande wa chini, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia. Lakini uliyapitisha katika mchanga, nao ukaokoka kwa sehemu kubwa. Robert Koch alipochunguza, alieleza kwamba nguvu ya chujio ilikuwa katika utando wa ute uliotanda juu ya mchanga. Ute ule ambao mtu angeuona ni uchafu ndio uliokuwa ngao ya mji.

Sasa turudi sebuleni. Katika karne ya 20 umeme uliingia nyumbani, na wafugaji wakapata pampu ndogo za hewa na machujio ya changarawe. Katika miaka ya 1960 Gunther Eheim, fundi Mjerumani, alileta chujio la namna nyingine: pipa dogo lililofungwa, likaalo nje ya tangi, chini kabatini. Maji hushuka yenyewe kwa mpira. Hupita katika sponji inayozuia majani na mabaki ya chakula, kisha katika vipande vya kauri vyenye vitundu vingi, kisha katika pamba laini. Halafu pampu huyasukuma kurudi juu. Je, hukuiona hapo hazina ya giza ya Lloyd, mchanga wa Simpson, na mikono ya yule mtumishi?

Lakini pipa jipya ni nyumba isiyo na wenyeji. Vile vitundu vya kauri ni vyumba vya bakteria. Kundi moja hugeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru ikiwa si nyingi, na ambayo huondolewa kwa kubadili sehemu ya maji mara kwa mara. Wenyeji hao huchukua majuma kadhaa kuhamia. Ndiyo maana mfugaji mwenye busara, anapoongeza chujio la pipa, hulitupi lile la zamani siku hiyo hiyo. Huyaacha yafanye kazi pamoja kwa majuma manne hadi sita. Na anapolisafisha, hukamua sponji katika ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kwa kuwa klorini itiwayo katika maji ya bomba ili kuua vijidudu haichagui rafiki na adui. Yule bwana wa mwanzo aliosha tope, na pamoja na tope akawaua watumishi wake.

Usidhani kwamba mambo haya ni mchezo wa matajiri wa mbali. Katika ziwa letu la Victoria waliishi mamia ya aina za samaki wadogo waitwao fulu au furu. Katika miaka ya 1950 na 1960 samaki mkubwa aitwaye mbuta, au sangara, alipandwa ziwani. Na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka, kwa kuliwa naye na kwa kuharibika kwa maji. Baadhi ya aina zisizoonekana tena ziwani ziliendelea kuzaana katika matangi ya Ulaya na Marekani. Samaki waliokuwa na ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika waliokolewa na chombo cha kioo, na uhai wa kizazi chao ukategemea utando wa ute ndani ya chujio.

Basi, msomaji, siku utakapopewa tangi la kutunza, ama bwawa, ama kisima cha kijiji, usiulize tu kama maji yanang'aa. Uliza ni nani wanaoyafanyia kazi, kisha angalia mkono wako usije ukawafagia.