Mkarafuu na Shajara ya Ukoo Wetu

Ndugu, jamaa na watoto wetu mlioko Maskat, Dubai, Mombasa, Dar es Salaam, London, Toronto na hapa Sydney,

Kamati ya matayarisho ya mkutano wetu wa Bankstown imeniomba niandike kurasa chache za historia zitakazotangulia shajara ya ukoo katika kitabu hiki. Nimeona si vyema kuanza na majina ya watu kabla ya kuutaja mti uliotukutanisha, uliotulisha, na hatimaye uliochangia kututawanya. Mti huo ni mkarafuu. Nina hoja moja juu yake ambayo ningependa muijadili tutakapokutana.

Vijana wetu waliozaliwa ugenini huijua karafuu kama kijiti cheusi chenye kichwa, kinachotolewa katika sahani ya pilau na kuwekwa kando. Wengi hawajauona mti wenyewe. Mkarafuu ni mti wa misitu ya mvua wa nchi za joto, mrefu, wenye majani mabichi mwaka mzima. Jani lake ukilifikicha hutoa harufu ile ile ya karafuu, na mafuta hukamuliwa kutokana na majani, makonyo na karafuu zenyewe. Tunachokula si tunda wala mbegu, bali ni ua ambalo halijafunguka. Huchumwa likianza kugeuka rangi kutoka kijani kuwa jekundu, huchambuliwa kutoka katika makonyo yake, kisha huanikwa juani juu ya majamvi siku kadhaa hadi likauke na kuwa jeusi. Lisipochumwa hufunguka, likazaa tunda lenye mbegu. Mbegu hiyo haivumilii kukauka: isipopandwa ingali mbichi, katika siku chache tu, hufa.

Mti huu nao una ukoo. Wataalamu wa mimea huuweka katika jamii moja na mpera na mkaratusi, na ndugu yake wa karibu zaidi kwetu ni mzambarau. Hapa Bankstown, nyumba nyingi zimezungushiwa ua wa mti ambao wenyeji huuita lilipili, wenye vitunda vya rangi ya waridi vinavyolika. Huo pia ni ndugu wa karibu wa mkarafuu. Kaskazini zaidi katika jimbo hili la New South Wales, katika mabonde ya mito ya Nambucca na Bellinger, umo mti mwingine wa jamii hiyo ambao majani yake hunukia kama anisi na hutumika jikoni. Lakini mkarafuu wenyewe hauwezi kustahimili baridi ya Sydney.

Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Katika karne ya 17 Waholanzi waliihodhi biashara ya karafuu kwa nguvu, wakauruhusu mti huo kustawishwa katika eneo la Ambon na kuing'oa mikarafuu ya visiwa vingine. Mnamo mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kuipata miche kwa siri na kuifikisha Mauritius, kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Morisi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mti ukafika Unguja, na anayetajwa katika historia kuwa ndiye aliyeuleta ni Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil. Seyyid Said bin Sultan aliutambua utajiri uliomo, akayachukua mashamba ya Saleh, akawahimiza wenye ardhi wapande karafuu Unguja na Pemba. Kabla ya karne hiyo kwisha, visiwa vyetu vilikuwa vikiilisha dunia sehemu kubwa ya karafuu zake.

Hadi hapa historia husimuliwa kwa fahari, na katika barua nilizozipokea kutoka kwenu, wengi mmeisimulia hivyo: kwamba babu zetu walitoka Oman, wakapanda karafuu Pemba, wakastawi. Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Babu hawakuchimba mashimo ya miche wenyewe. Mikarafuu ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara, wengi wao kupitia Kilwa, kutoka nchi za Wayao na za kandokando ya Ziwa Nyasa. Kwa kawaida mtumwa wa shamba alimtumikia bwana wake siku tano za wiki, na Alhamisi na Ijumaa akalima konde lake apate chakula.

Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa zao hilo. Mwaka uliofuata, 1873, Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Soko lilifungwa, lakini haja ya mikono haikwisha, na majahazi yaliendelea kuvuka kwa siri usiku.

Katika mojawapo ya majahazi hayo alipanda msichana mdogo kutoka Nyasa. Huyo ndiye mama wa babu yangu, na kwa hiyo ni bibi wa zaidi ya nusu ya watakaokisoma kitabu hiki. Alikulia shambani akichambua karafuu, kisha akafanywa suria na mwenye shamba. Kwa mujibu wa sheria, mtoto wa suria aliyetambuliwa na baba yake ni huru na hurithi sawa na ndugu zake. Kwa sababu hiyo babu alipata sehemu yake ya mikarafuu, na sisi tukapata jina la ukoo. Mama yake hakupata hata uhuru kwa wakati. Amri ya Seyyid Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897 iliwataka watumwa waende mahakamani kuuomba uhuru, ikawalipa fidia mabwana badala ya watumwa, na haikuwahusu masuria. Ilibidi wangoje hadi mwaka 1909.

Baadhi ya jamaa wameniandikia kwa heshima kubwa wakiomba jina lake lisiwekwe katika shajara, au liandikwe tu "mke wa pili". Nawaelewa. Wazee wetu walikuzwa wakiamini kwamba jambo hili husitiriwa. Lakini sitara ni kwa aliyetenda aibu, na bibi huyu hakutenda aibu yoyote. Wala sisi si wa peke yetu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1886 kwamba baba yake aliacha watoto 36, na kwamba wote walizaliwa na masuria. Ikiwa nyumba ya kifalme haikuweza kuandika nasaba yake bila ya wanawake hao, sisi tutaandikaje yetu?

Yaliyofuata mnayajua zaidi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa, mashamba yakagawanywa kwa eka tatu tatu, na karafuu ikauzwa kwa Serikali pekee. Baadhi ya jamaa zetu walinyang'anywa, na baadhi yao, wa upande wa wajomba wa bibi yule yule, walipewa. Hilo nalo halisemwi mezani. Sisi tuliokuwa skuli katika miaka ya 1970 tulipelekwa mashambani wakati wa mavuno, mtoto wa aliyepoteza shamba na mtoto wa aliyelipata wakikaa chini ya mti mmoja, wakichambua katika pakacha moja. Katika miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilianza kujitosheleza, na bei ikaanguka. Wengi wetu tuliondoka katika miaka hiyo na iliyofuata, kila mmoja na njia yake.

Nimefanya kazi ya serikali kwa muda mrefu wa maisha yangu, na kazi hiyo hunifunza jambo moja: kisichoandikwa katika jalada, kizazi cha tatu hakitajua kwamba kilikuwapo. Wajukuu wetu wa Bankstown huulizwa skuli wametoka wapi, na hujibu Oman, au Zanzibar, au Afrika, kulingana na aliyewajibia nyumbani. Majibu yote matatu ni sahihi. Wanastahili kujua sababu.

Kwa hiyo naleta pendekezo hili mbele ya mkutano. Kwanza, bibi wa Nyasa aandikwe katika shajara kwenye mstari wake kamili, kwa jina alilopewa shambani, maana jina lake la kuzaliwa halikuandikwa popote, na nchi aliyotoka itajwe. Pili, jamaa zetu wa upande wake walioko Pemba waalikwe katika mkutano ujao kama wenyeji wenzetu. Tatu, wazee wa Mombasa na Maskat wenye kumbukumbu zozote za kwao, ziwe za kufurahisha au za kuhuzunisha, wamweleze Katibu kabla ya shajara kupigwa chapa.

Karafuu kavu mtaziona mezani siku ya mkutano, ndani ya pilau. Nawaomba wazazi msiwaache watoto waziweke kando bila ya kuwaeleza zilichumwa na nani.

Nawatakia nyote safari njema.