Mpini au vibao?

Mpini tunaujua: jembe, shoka, kisu. Msuka huzama ndani yake, na kwenye kisu noleo hubana mdomo ili mti usipasuke. Wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, hauna habari hiyo. Mkia wake hauzami popote. Hukaa katikati ya vibao viwili vyembamba vya pembe, mfupa au mti, ukizunguka kwenye msumari mwembamba wa shaba. Fundi anayevibadilisha huchonga jozi, hutoboa matundu yalingane, hupachika kabari ndogo upande wa pili, kisha hugongagonga ncha za msumari taratibu kwa nyundo nyepesi. Akikaza mno, wembe haufunguki. Akilegeza, makali hugusa kibao na kuharibika. Nyembe nyingi za miji ya Sheffield na Solingen zilitiwa vibao vya seluloidi, plastiki ya zamani ambayo ikioza hutoa mvuke wa asidi unaokitia chuma kutu. Hapo kuvibadilisha ni lazima.

Basi kwa jina la sehemu hiyo mimi nasema “vibao vya wembe”, na mpini nauachia jembe. Wanaopendekeza “kipini” wakumbuke kwamba hicho tayari kina makao yake, puani.