Ndege ya Wanafunzi ya Mwaka 1959

Wengi wetu tumesikia habari za ile ndege iliyowachukua vijana 81 kutoka Nairobi mwezi wa Septemba 1959, ikawafikisha New York, waingie vyuo vya Marekani. Habari hiyo husimuliwa kana kwamba vijana wale waliokotwa njiani wakapandishwa ndege. Sivyo. Twapenda kueleza kazi iliyotangulia safari, maana sehemu kubwa yake ilifanyika vijijini, nayo husahauliwa upesi.

Siku zile chuo cha Afrika ya Mashariki kilichotoa digrii kilikuwa kimoja tu, yaani Makerere katika Uganda, na nafasi zake zilikuwa chache. Serikali ya kikoloni ya Kenya nayo haikuvipenda vyuo vya Marekani. Ilisema elimu yao ni hafifu kuliko ya Uingereza. Lakini njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa. Mbiyu wa Koinange alikwenda Hampton, katika Virginia, mwaka 1927, naye hakurudi kwao ila mwaka 1938.

Basi kijana alianza kwa barua. Aliandika kwa chuo, akangoja majuma mengi, akaandika kwa chuo kingine. Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa karani Nairobi. Aliandika barua nyingi, akisaidiwa na mwalimu Mmarekani, Elizabeth Mooney, hata Chuo Kikuu cha Hawaii kikamkubali. Yeye alisafiri mwaka ule ule wa 1959, wala hakupanda ndege ile. Nauli yake ilitoka kwingine.

Na hiyo nauli ndiyo iliyokuwa mlima. Chuo kiliweza kumsamehe kijana karo, lakini hakikumletea tikiti. Tom Mboya alipozunguka Marekani mwezi wa Aprili 1959 alipata ahadi za nafasi nyingi, lakini nafasi bila chombo cha kusafiria yafaa nini? Rafiki yake William Scheinman na wenzake wakaunda chama cha kuchanga fedha. Jackie Robinson mchezaji, Harry Belafonte mwimbaji, na Sidney Poitier mwigizaji wakatia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani msaada, na ndege ikakodiwa. Huku nyumbani Mboya, Dakta Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri walikaa kuchagua watakaokwenda.

Hata hivyo kijana alihitaji fedha za matumizi, nguo za baridi, paspoti na cheti cha daktari. Hapo jamaa zake walishika kazi. Wengine waliuza ng'ombe, wengine waliuza shamba. Palifanywa karamu za chai na ngoma, na kila aliyekuja alitoa shilingi zake, hata wasiojua kusoma jina la chuo chenyewe. Kijana aliyechangiwa hivyo alipanda ndege akiwa na deni ambalo halikuandikwa po pote, na sisi twadhani deni hilo lilimtia bidii kuliko hofu ya mitihani.

Mwaka 1960 jamaa ya Kennedy walitoa dola 100,000 kutoka mfuko wao, wakasafirishwa mamia, wa Tanganyika na Uganda pia. Miongoni mwao alikuwamo Wangari Muta, ambaye baadaye aliitwa Wangari Maathai. Alikuwa amesoma kwa masista wa Loreto, Limuru, akaenda chuo cha masista Wabenediktini huko Atchison, Kansas, akapata digrii yake mwaka 1964. Na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Yeye mwenyewe ameandika kwamba, walipokuwa safarini kwa basi kutoka New York kwenda Kansas, walisimama Indiana wakaingia mkahawani kununua kinywaji. Wakaambiwa kwamba hawana ruhusa ya kuketi ndani, kwa kuwa ni weusi.