Mhadhara wa mwandishi maarufu: unaupataje ukiwa Mkwajuni?

Mhadhara wa wazi ni pale mwandishi anapozungumza ukumbini, kisha wasikilizaji wanauliza. Tanzania, mfano mzuri ni Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa 2008. Wa kwanza kukikalia alikuwa Profesa Issa Shivji. Mwaka 2009 alialikwa Wole Soyinka wa Nigeria, mshindi wa Nobel ya Fasihi ya 1986.

Shida ni umbali. Mtu wa Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, anafika kwanza Mbeya, halafu bado zaidi ya kilomita 800 hadi Dar. Nauli, pa kulala, siku za kazi zinapotea. Wengi wanabaki na video, na bando likikata wakati wa maswali, umekosa sehemu tamu kuliko zote.

Njia nyingine ni kitabu. Hotuba ya Soyinka ilichapishwa na Mkuki na Nyota katika New Imperialism, pamoja na za Samir Amin na Micere Mugo. Kitabu hakili bando.

Ukipata nafasi ya kwenda, soma kwanza japo kazi moja ya mgeni. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel 2021, ipo kwa Kiswahili: Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Swali liwe moja, fupi. Na ulizia lugha mapema, maana wageni wa nje mara nyingi huzungumza Kiingereza.