Hesabu ya Mbio: Nyandika Maiyoro na Naftali Temu

Kila mashindano yana hesabu yake. Katika mchezo wa kupiga shabaha kwa bunduki, sahani ya udongo hurushwa angani. Ikivunjwa, mpigaji huandikiwa alama moja, na isipovunjwa haandikiwi kitu. Mwamuzi haulizi kama risasi ilipita karibu au mbali. Mbio za miguu nazo zina hesabu yake, tena kali vile vile. Kama wataka kuifahamu hesabu hiyo, ewe msomaji, na kufahamu pia jinsi inavyoweza kumficha mtu anayestahili kukumbukwa, fuatana nami katika habari za wakimbiaji wawili wa nchi ya Wagusii: Nyandika Maiyoro wa Kisii na Naftali Temu wa upande wa Nyamira.

Kwanza tutazame sheria zenyewe. Mshindi wa mbio ni yule ambaye kiwiliwili chake hufika mwanzo kwenye mstari wa mwisho. Kichwa hakihesabiwi, wala mkono, wala mguu. Ndiyo sababu huwaona wakimbiaji wakisukuma kifua mbele wanapokaribia mstari. Pili, watatu wa kwanza ndio wapewao nishani, yaani ya dhahabu, ya fedha na ya shaba. Wa nne hapati kitu, hata akiachwa kwa hatua moja tu. Tatu, muda wa kila mmoja hupimwa na kuandikwa, walakini si saa imchaguayo mshindi. Mshindi huchaguliwa na nafasi yake mbele ya wale aliokimbia nao siku ile.

Sheria hiyo ya tatu ilionekana wazi katika uwanja wa White City, London, tarehe 10 Julai 1954. Katika mbio za maili tatu, Waingereza wawili, Freddie Green na Chris Chataway, walifika kwa muda mmoja, dakika 13 na sekunde 32.2, ambao ulikuwa rekodi mpya ya dunia. Saa haikuweza kuwatenga. Hata hivyo waamuzi waliona kwamba Green alitangulia, naye akatangazwa kuwa mshindi. Nyuma yao, katika nafasi ya tatu, alifika kijana asiyevaa viatu. Huyo ndiye Nyandika Maiyoro.

Yafaa ujue alitoka katika hali gani. Chama cha riadha cha Kenya kilikuwa kimeundwa mwaka 1951 tu. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na tangu Oktoba 1952 ilikuwa katika Hali ya Hatari. Huko Ulaya walikuwako watu wengi walioamini kwamba Mwafrika hawezi mbio ndefu. Walisema kwamba nguvu zake ni za kukurupuka, wala hana subira wala akili ya kugawa pumzi. Maiyoro alikwenda London pamoja na mwenziwe Lazaro Chepkwony, ambaye alikimbia maili sita na hakuweza kuzimaliza. Basi nafasi ya tatu ya Maiyoro ilikuwa jibu la kwanza kwa maneno hayo.

Kutoka London alisafiri hadi Vancouver, Kanada, kwa michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola mwaka ule ule. Katika maili tatu Chataway alishinda, Green akawa wa pili, na Frank Sando wa Uingereza akawa wa tatu. Maiyoro alikuwa wa nne. Kwa mujibu wa sheria, alirudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 1956 Kenya ilipeleka timu katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne, Australia. Katika mita 5,000, yaani mizunguko kumi na miwili na nusu ya uwanja, Maiyoro alikuwa wa saba kwa dakika 14 na sekunde 19.0. Miaka minne baadaye, huko Rome, alikimbia umbali ule ule kwa dakika 13 na sekunde 52.8. Alikuwa amepunguza zaidi ya sekunde 26; lakini alipewa nafasi ya sita, na kwa mara nyingine hakupata nishani.

Hapa, msomaji, chukua kalamu yako ulinganishe. Huko Melbourne nishani ya shaba ilichukuliwa na Mwingereza Derek Ibbotson kwa dakika 13 na sekunde 54.4. Muda wa Maiyoro wa Rome ulikuwa bora kuliko huo kwa sekunde 1.6. Muda ambao ungalimtosha mwaka 1956 haukumtosha mwaka 1960, kwa kuwa wenziwe nao walikuwa wameongeza mbio.

Sasa tumtazame Naftali Temu. Alizaliwa mwaka 1945, na mwaka 1966 alishinda mbio za maili sita katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kingston, Jamaika, akimshinda Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia. Tarehe 13 Oktoba 1968 walikutana tena katika mita 10,000 za Olimpiki mjini Mexico, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 2,240. Hewa ya huko ni nyepesi, na wengi walishindwa nayo. Clarke mwenyewe alifika wa sita akaanguka, akazimia. Temu alikuwa amekulia katika vilima vya Wagusii, ambako mji wa Kisii wenyewe uko juu kwa mita 1,700 hivi. Katika mzunguko wa mwisho, wa ishirini na tano, alishindana na Mamo Wolde wa Ethiopia, akampita na kumaliza kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.6 tu. Hiyo ndiyo nishani ya dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Siku chache baadaye aliongeza nishani ya shaba katika mita 5,000.

Linganisha tena. Mwaka 1964 huko Tokyo, Billy Mills wa Marekani alishinda mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 24.4. Muda wa Temu ulikuwa nyuma ya huo kwa dakika moja na sekunde tatu. Je, tuseme kwamba Temu hakustahili dhahabu? La, hasha! Aliwashinda wote waliosimama naye, katika hewa ile ile na siku ile ile, na hayo ndiyo sheria iliyoyataka. Lakini kama tunamkubali Temu kwa hesabu hiyo, haitupasi kusema kwamba Maiyoro alishindwa kwa kuwa hakukimbia upesi. Alikimbia upesi, ila alikutana na watu wengine.

Iko hesabu nyingine ya mbio ambayo huenda waijua kutoka shuleni kwako. Katika mbio za nyika, nafasi za wakimbiaji wa timu hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Hapo wa nne huongeza nne, wa saba huongeza saba, na kila mmoja ana sehemu yake katika ushindi. Historia nayo yafaa ihesabiwe hivyo. Temu alifariki mwaka 2003, na Maiyoro mwaka 2019. Orodha ya nishani ina jina la mmoja wao tu. Walakini mtu wa kwanza kuwaonyesha walimwengu kwamba Mkenya aweza mbio ndefu hakuwa yule wa dhahabu. Alikuwa yule wa nne. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Usomapo orodha ya washindi, usiishie kwenye mstari wa tatu.