Kivuli cha keria: historia fupi ya sola juu ya gari

Leo naacha kodi za programu kidogo. Rafiki yangu mmoja alifunga paneli ya wati 100 juu ya van yake, kando ya keria. Jua la saa saba linawaka, betri haijai. Akadhani ameuziwa bandia. Nilipopanda juu nikakuta kivuli cha chuma cha keria, upana wa kiganja, kimelalia seli chache tu.

Tatizo hili lina umri sawa na sola yenyewe. Mwaka 1954 maabara ya Bell kule Marekani ilionyesha seli ya silikoni iliyogeuza karibu asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Lakini seli moja hutoa takriban nusu volti, basi huna budi kuziunganisha moja baada ya nyingine. Hapo ndipo balaa lilipo: mkondo mmoja unapita kwa zote, kwa hiyo iliyo kivulini inazibana nyingine. Ni kama watu kupokezana ndoo za maji. Mmoja akichoka, mstari wote unakwama. Tena seli iliyozibwa hupata joto, hata ikaungua.

Dawa iliyozoeleka ni dayodi inayoupa umeme njia ya kando. Sasa sikiliza hesabu. Paneli ya seli 36 hutoa volti kama 18, na mara nyingi ina dayodi mbili. Kivuli kikizima upande mmoja, zinabaki volti kama 9. Betri ya volti 12 haichajiki kwa volti 9! Paneli inafanya kazi, betri haipati kitu.

Kwenye magari ya mashindano mambo yalikuwa magumu zaidi. Quiet Achiever, lililovuka Australia kutoka Perth hadi Sydney kati ya Desemba 1982 na Januari 1983, lilibeba paneli bapa juu kama meza. Halafu mwaka 1987 likaja Sunraycer la General Motors, lenye umbo la tone na seli zipatazo 8,800 juu ya mgongo uliopinda. Njia ilikuwa Darwin hadi Adelaide, kuelekea kusini: asubuhi jua liko kushoto, jioni kulia. Gari lilijitia kivuli lenyewe! Wahandisi wakazigawa seli katika makundi, kila kundi na kidude chake cha kielektroniki cha kutafuta volti inayofaa, ili upande dhaifu usiuvute chini upande wenye jua. Lilishinda kwa wastani wa kilomita 67 kwa saa. (Sisi waandika programu tungesema: usiwaweke wote kwenye foleni moja.)

Katika miaka ya 2010 zilienea paneli za seli zilizokatwa nusu, ambazo kivuli cha chini hakigusi nusu ya juu.

Na yule rafiki yangu? Tuliisogeza paneli nyuma, mbali na keria. Betri inajaa, ila kuanzia saa tisa antena ya redio inamsumbua.