Kitako cha Bakuli Hakifichi Kitu

Mtu akiniletea bakuli la mti lililokerezwa, silitazami uso. Nalipindua. Mdomo umepigwa msasa, tumbo limepakwa mafuta, na kila fundi anajua kupendezesha pale macho ya mteja yanapotua. Habari iko kitakoni. Hapo ndipo unapoona bakuli lilishikwa na nini lilipokuwa likizunguka, na kile kilicholishika ndicho kilichoamua umbo lake, unene wake, na mara nyingi hata zama zake. Vijana wanaokuja karakanani kwangu hapa Tanga kujifunza kukereza huniuliza swali la dukani: "Fundi, ninunue kibano gani?" Mimi huwaanzia mbali, kwa sababu kibano cha chuma chenye mataya manne ya kushikia mti kwenye mashine, ambacho wanadhani ndicho mwanzo wa kazi, ni mgeni wa juzi tu.

Shida ya bakuli huielewi mpaka umekereza tendegu la kitanda. Tendegu lina ncha mbili. Unalibana huku na huku, linazunguka, nawe unakata katikati. Pwani yetu imeijua kazi hiyo tangu enzi za mababu. Fundi aliketi chini mbele ya keezo, chombo cha kuzungushia mti, mkono mmoja ukivuta na kusukuma uta ambao kamba yake imeuzunguka mti, mkono wa pili umeshika patasi, na vidole vya mguu vikisaidia kuiongoza. Vyombo vyenye tumbo, kama vile kinu, vilikuwa kazi ya shoka na tezo. Bakuli linataka upande mmoja ubaki wazi ili chuma kiingie ndani, na ukishauacha wazi, umepoteza ncha moja ya kushikia. Historia yote ya ukerezaji wa bakuli ni historia ya watu kuitafutia dawa ncha hiyo iliyopotea.

Kuzungusha mti ni jambo la kale sana. Kwenye kaburi la kuhani Petosiris huko Tuna el-Gebel, Misri, lililojengwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, pamechorwa wanaume wawili kwenye keezo: mmoja anavuta ukanda mbele na nyuma, mwenzake anakata. Ulaya ya kaskazini ilimpunguza mtu mmoja. Juu ya fundi palifungwa ufito mrefu wenye kunepa, kamba ikashuka kutoka kwenye ufito, ikauzunguka mti, ikaishia kwenye kanyagio. Fundi akikanyaga, mti unamjia, naye anakata. Akiinua mguu, ufito unavuta kamba, mti unarudi kinyume, naye anasubiri. Nusu ya mzunguko ni kazi, nusu ni pumzi.

Bakuli walilishikaje? Walichukua kigogo kifupi chenye meno ya chuma, wakakipigilia kwa nyundo kwenye kile kitakachokuwa kinywa cha bakuli. Kamba ilizunguka kigogo hicho. Ncha moja ya keezo iliingia kwenye kigogo, ya pili ikaingia kitakoni. Fundi alichimba kwa chuma chenye ncha iliyopindwa kama ndoana, akizunguka kandokando ya kigogo, hadi ndani ya bakuli pakabaki kisiki. Mwishowe alilitoa bakuli, akakivunja kisiki, kisha akasafisha mahali pake kwa kisu, ndani na chini. Visiki hivyo vilitupwa, na kwa kuwa vilitupwa tunavijua. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofukua mtaa wa Coppergate mjini York, Uingereza, kati ya 1976 na 1981, walivikuta pamoja na mabakuli kwenye tope la mji wa Waviking, tope ambalo halikuruhusu mti kuoza. Na meli ya kivita Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa 1982, ilikutwa na vyombo vya kulia vya mabaharia, vingi vikiwa mabakuli na sahani za mti. Bakuli la kukerezwa lilikuwa chombo cha mtu wa kawaida, si pambo la kabatini.

Mtu ninayemtaja sana mbele ya wanafunzi ni George Lailey, mkerezaji wa Bucklebury katika jimbo la Berkshire. Alizaliwa 1869, akafa 1958, na maisha yake yote alikereza kwa mguu na ufito ndani ya kibanda, ilhali viwanda vilikuwa vimeshajaa mota. Kutoka kwenye kipande kimoja cha mti wa elmi alitoa mabakuli kadhaa, moja ndani ya jingine, kwa vyuma vyake vilivyopinda. Keezo lake na zana zake ziko kwenye jumba la makumbusho la maisha ya shamba mjini Reading, na ni kwa kulitazama keezo hilo ndipo Mwingereza Robin Wood alipoifufua kazi hiyo baada ya kuwa imekatika. Lailey hakuwahi kuhitaji kibano. Na kitako cha bakuli lake kilikuwa chembamba kama ukuta wake, kwa sababu hapakuwa na skrubu wala taya lililodai unene wa ziada.

Unene ulikuja na mota. Mashine ilipoanza kuzunguka upande mmoja bila kusita, kigogo cha kupigilia kiliwekwa kando, ikaja sahani ya chuma yenye matundu: unaifunga kwenye mti kwa skrubu, unaifunga kwenye mashine kwa hesi, umemaliza. Mshiko wake ni wa kuaminika, hata leo sina mashaka nao kwa kigogo kibichi chenye mapembe. Ila skrubu huacha matundu. Ili patasi isikutane na skrubu, fundi aliacha kitako kinene. Ili matundu yasionekane, akabandika kitambaa cha manyoya, mara nyingi cha kijani. Mabakuli ya namna hiyo yalitoka kwa wingi katika madarasa ya useremala ya Uingereza ya karne ya 20. Ukiliinua unashtuka: uzito wote uko chini.

Waliochukia matundu walitumia gundi na karatasi. Kipande cha mti wa kutupwa kilifungwa kwenye sahani, uso wake ukapakwa gundi, ikawekwa karatasi, gundi tena, kisha bakuli. Kazi ikiisha unaweka patasi kwenye mstari wa karatasi, unagonga kidogo, karatasi inachanika katikati yake na bakuli linaachia likiwa zima. Nimeifundisha njia hii kwa vijana wasio na senti ya kibano, na sioni sababu ya kuiacha. Inataka mti mkavu, gundi nzuri, na mtu asiye na haraka.

Kibano chenyewe kilizaliwa katika karakana za chuma. Katikati ya karne ya 19, jimboni Connecticut, Marekani, Simon Fairman alibuni kibano kinachojipanga katikati chenyewe, na mkwewe Austin Cushman akakiendeleza na kukisambaza. Kifungue kimoja ukione ndani: kuna sahani iliyochongwa mfereji mmoja unaojizungusha kutoka katikati hadi ukingoni, na mgongoni mwa kila taya kuna meno yanayokaa kwenye mfereji huo. Ukizungusha ufunguo, sahani inageuka, na mataya yote yanasogea pamoja, kwa kiasi kilekile. Huhitaji kupima katikati, chuma kimeshakupimia.

Lakini kibano cha chuma kilikusudiwa vyuma. Mataya yake membamba hushika mahali pachache, na mti huumia pale chuma kisipoumia. Wakerezaji wa mbao waliendelea na sahani na gundi kwa zaidi ya karne nzima, hadi kwenye miaka ya 1980 watengenezaji kama Teknatool wa New Zealand walipoleta vibano vya mataya manne mapana vilivyokusudiwa mbao. Ndani ya mataya hayo ukuta umelala kidogo, hivyo ulimi wa mti, kile kijiguu kinachoachwa kitakoni, ukichongwa kwa mlalo uleule, mataya huubana na kuuvuta ndani kwa wakati mmoja. Ni miaka hiyohiyo kazi hii ilipojaa watu wa kujifurahisha: chama cha wakerezaji wa Marekani, AAW, kiliundwa 1986. Mtu wa benki au mwalimu aliyekereza Jumamosi alitaka kulitoa bakuli na kulirudisha bila kupoteza katikati, na kibano kilimpa hilo. Kitako nacho kikabadilika tena. Kikapata kiguu cha duara, kwanza kwa sababu taya lilikitaka, baadaye kwa sababu macho yalishakizoea.

Sasa nawajibu vijana. Anza na hesi ya mashine yako kabla hujatazama jina la kibano. Mashine nyingi za Ulaya zina hesi ya kipenyo cha milimita 33, nyuzi zikiachana milimita 3.5, za Marekani mara nyingi ni inchi 1 au inchi 1¼, hesi 8 kwa inchi. Zetu hapa ni mitumba kutoka kila upande, kwa hiyo pima, usikisie. Kibano ambacho kipande chake cha hesi hubadilishwa kitakufaa hata ukibadili mashine.

Kisha nunua seti moja tu ya mataya, ya milimita 50. Ulimi uwe karibu theluthi moja ya upana wa bakuli, na mataya hushika vizuri zaidi yanapokaribia kufanya duara kamili. Bakuli la mwembe la sentimita 15 hadi 20, linalomtosha mwanafunzi, litataka ulimi wa milimita 50 hadi 65. Urefu wake uwe milimita 5 au 6. Ulimi usiguse sakafu ya kibano. Mabega ya bakuli ndiyo yakae juu ya mataya, kwa sababu hayo ndiyo yanayozuia kuyumba. Ukipenda kushika kwa kutanua mataya ndani ya kishimo, acha mti wa kutosha pembeni, la sivyo utapasuka. Anza polepole, simama pembeni, na ufunguo usibaki kwenye kibano hata kwa sekunde.

Mataya makubwa yenye vitufe vya mpira, ya kumalizia kitako, yanaweza kusubiri. Kipande cha mti kilichokerezwa kikaingia mdomoni mwa bakuli kwa kubana, huku ncha ya nyuma ya mashine ikisukuma, hufanya kazi hiyo bure, na kinakuachia kijisiki kidogo cha kuondoa kwa kisu, jinsi Lailey alivyofanya. Fedha itakayobaki nunulia bobari moja nzuri na jiwe la kuinolea. Patasi butu hung'oa bakuli kwenye kibano cha bei yoyote.